Divai ya Fundi Évariste

Jumanne, tarehe 20 Machi 2018, saa saba na dakika ishirini mchana, Chloé aliacha kichwa cha mteja kikiwa nusu kimesukwa, akatoka saluni na kuingia mlango wa pili, kwa fundi Évariste, kuazima mkasi. Duka lilikuwa wazi. Cherehani ilikuwa kimya. Fundi mwenyewe alikuwa ameinamia gauni jeupe la harusi alilokuwa akilishona, shavu juu ya kitambaa, mkono mmoja ukining'inia, na povu limemkaukia pembeni mwa mdomo. Chloé alimwita mara mbili, "Papa Évariste! Papa Évariste!" kabla hajamgusa na kujua kwamba anamwita marehemu. Watu wa Rosettenville, Johannesburg, wamezoea kelele, lakini ule ukelele waliutambua, wakaanza kutoka madukani bila kuulizana.

Mezani, kando ya cherehani, palikuwa na chupa ya mvinyo mwekundu iliyofunguliwa, na glasi iliyobakiwa na vidole viwili vya mvinyo. Polisi walipoimulika chupa waliona chenga za sumu ya panya zimetuama chini. Haikuwachukua muda kujua chupa imetoka wapi, maana mtaa mzima ulijua. Ilikuwa zawadi ya Murielle, msusi mwenzake Chloé katika saluni ya jirani, mchumba wa marehemu. Saa tisa alasiri Murielle alikuwa ndani ya gari la polisi.

Saa kumi wakampigia simu Kidawa.

Kidawa alikuwa mkalimani, mzaliwa wa Ng'ambo, Unguja, mwenye miaka kumi na tisa Johannesburg na stashahada moja ambayo hakuna aliyewahi kumwomba aioneshe. Polisi walimwita kila walipokamata mtu wa Kiswahili. Kazi yake ilikuwa na sharti moja: kuchukua neno hapa na kulipeleka pale, bila kuongeza, bila kupunguza, bila kuuliza la kwake. Alilishika sharti hilo kama mtu anavyoshika udhu. Lakini mtu kuwa na masikio mazuri na akalazimishwa kuwa mdomo tu ni mateso, na yeye aliyajua mateso hayo.

Sajenti Nkabinde alimpokea mlangoni. Alikuwa mpelelezi mwenye mwili mkubwa na haraka kubwa zaidi. "Mama, hii ni fupi," alisema. "Chupa ni yake, sumu imo ndani ya chupa. Kesho ni sikukuu. Keshokutwa asubuhi nampeleka mahakamani. Tumalize."

Murielle alikuwa amekaa mikono mapajani, macho mekundu. Alipomsikia Kidawa akisema Kiswahili alimshika kiganja.

"Maman Kidawa, mi sikumuua. Nitamuua namna gani bwana mwenye alikuwa ananishonea robe ya harusi?"

Kidawa alitafsiri. Nkabinde hakuinua kichwa. "Alimpa chupa lini?"

"Jana, saa tisa. Nilifika toka Durban asubuhi, nikapumzika, nikaenda kumsalimia. Akaiweka juu ya etajeri pale ukutani, akasema itafunguliwa siku ya harusi, tarehe saba mwezi wa ine." Kidawa alitafsiri: tarehe saba Aprili.

"Ilikuwa imefungwa?"

"Imefungwa vizuri. Kizibo, na nta nyekundu juu yake, vile walinipatia kule."

"Kule wapi? Anieleze siku hiyo yote, saa kwa saa."

Murielle akaeleza. Yeye na Chloé walijinyima mwaka mzima ili wapande meli ya kitalii kutoka Durban, kwa sababu tangu watoke Bukavu, Kongo, safari zao zote zilikuwa za kukimbia, na walitaka moja ya kustarehe. Alhamisi tarehe 15, saa moja asubuhi, meli ilitia nanga Cape Town. Saa tatu basi likawachukua abiria thelathini kwenda kuzuru mashamba ya zabibu. Shamba la kwanza walifika saa nne, la pili saa sita na nusu wakala jibini na mkate, la tatu saa tisa. Hapo la tatu ndipo aliponunua chupa. Saa kumi na mbili walikuwa wamerudi melini, na chupa ikakaa ndani ya sanduku lake, imeviringishwa kwa kitenge, hadi Johannesburg.

"Jirani wanasema jana mligombana," Nkabinde alisema. "Walisikia makelele."

Murielle aliinamisha uso. "Tuligombana juu ya safari. Tulipatana tukishaoana turudi Bukavu. Mi nilitaka twende mwezi wa ine. Yeye akasema tungoje."

"Mngoje nini?"

"Mambo yake ya karatasi. Papa Évariste alikuwa mtu wa karatasi."

Nkabinde aliandika neno "ugomvi" na kulipigia mstari. Kidawa aliuona mstari ule.

Chloé alihojiwa saa kumi na mbili jioni. Alikuwa mwembamba, mwenye maneno mengi, na hata msibani maneno hayakumwishia. Alithibitisha kila saa aliyoitaja mwenzake. Nkabinde akataka kujua kama Murielle alikuwa na jambo lolote lisilo la kawaida siku ile.

"Aliwafanya watu wote wa basi wacheke," Chloé alisema. "Shamba la kwanza tulikuta chupa ziko wazi mezani, glasi zimejaa zinatungoja. Wazungu wanazungusha, wananusa, wanatema ndani ya ndoo. Watu wanalipa ili wateme! Sisi wawili hatukugusa. Shamba la pili vilevile, tukakula jibini na mkate tu. Ile ya tatu, dada mwenye kumimina akamuuliza Murielle, 'Mbona hunywi?' Murielle akasema, 'Nifungulie ingine hapa mbele yangu, na wewe uonje kwanza.' Basi lote likapasuka kucheka. Yule dada alikuwa na roho nzuri, akafungua mpya, akaonja. Murielle akakunywa, ikamupendeza, akanunua moja ya Papa Évariste."

Nkabinde alicheka kidogo na kuandika "maringo". Kidawa naye, tuseme kweli, alifikiri hivyohivyo. Pombe ilikuwa mbali na malezi yake, na adabu za chupa hakuzijua.

Kisha sajenti akamwonesha Chloé picha za dukani ili athibitishe kwamba hakuhamisha kitu. Kidawa aliziona akichungulia juu ya bega la Chloé. Gauni lilikuwa jeupe pe, halina hata punje ya uchafu. Chini ya meza palikuwa na karai dogo la maji ya kunawia, na juu ya maji utando wa mafuta ya rangi ya chungwa. Picha nyingine ilikuwa ya jikoni, kichumba cha nyuma chenye pazia mlangoni: ndani ya sinki, vipande vya nta nyekundu.

"Nta iko jikoni kwa nini?" Chloé aliuliza.

"Mpwa wake ndiye aliyeifungua," Nkabinde alijibu. "Parfait. Alama za vidole vyake zimo kwenye chupa, na amekuja mwenyewe kusema. Kijana muungwana. Alipita saa saba kasoro dakika ishirini kumsalimia mzee. Mzee akatamani kuionja zawadi. Parfait akaifungulia jikoni, akamimina, akampelekea glasi na chupa. Mzee akanywa. Saa saba kasoro tano akaondoka kurudi kazini. Yeye hakuonja kwa sababu yuko zamu. Eish, ana bahati."

Parfait hakuhitaji mkalimani. Alikuwa na miaka ishirini na saba, yatima wa kaka yake Évariste, aliyevushwa mpaka wa nchi mgongoni mwa ami yake akiwa na miaka miwili. Mjane mmoja wa kanisa, Mzulu, alimlea Durban, wakati ami yake akihangaika na cherehani Johannesburg. Parfait alihamia Rosettenville Januari tu, akapata kazi ya ulinzi kwenye duka la vifaa vya ujenzi Turffontein, mtaa wa jirani. Kizulu chake kilikuwa cha mzawa, na Kiswahili chake cha salamu.

Aliyebaki ni Luqman. Huyu alikuwa Mtanga, muuza mabegi, aliyekodi kona ya duka la fundi, na watu walimwona akitoka mbiombio kabla ya mauti, na mfuko mkononi. Fundi akirudi kwao, Luqman angeipoteza kona yake. Nkabinde alimwita saa moja na nusu, kwa matumaini kidogo.

"Shikamoo, dada," Luqman alimwambia Kidawa kwanza, kisha akamgeukia sajenti. "Nilitoka saa sita na robo kwenda kuswali adhuhuri. Mfukoni mlikuwa na kanzu. Muulize imamu, muulize safu nzima. Nilirudi saa saba unusu nikakuta watu wamejaa."

"Chupa uliiona?"

"Niliiona wakati natoka. Ilikuwa juu kule kwenye rafu, na nta yake. Mimi kitu hicho hata kukigusa sikigusi."

"Ulikuwa na chuki naye?"

"Chuki?" Sauti ilimpasuka. "Yule alinipa kona wakati sina hata sanduku. Siku ya kwanza, kwa kumheshimu, nilimnunulia soda dukani pale, nikaifungua njiani isimsumbue. Hakuigusa. Nikaona mzee huyu ananidharau. Baadaye akaniambia, 'Mwanangu, usinune. Ukiniletea, ilete imefungwa.' Miaka sita nimefanya hivyo."

Kidawa alikuwa katikati ya kuitafsiri sentensi ya mwisho aliposita. Nkabinde alimtazama. "Amesema nini?"

"Amesema… ilete imefungwa," Kidawa alisema, na akaimaliza kazi yake kama kawaida.

Usiku ule alikosa usingizi. Sharti lake lilikuwa moja tu, na kwa miaka kumi na tisa lilikuwa limemlisha. Mkalimani akitoa maoni yake haitwi tena. Upande wa pili alikuwapo mwanamke aliyelala kwenye simiti, na keshokutwa angesimama kizimbani kwa kumuua mtu aliyekuwa akimshonea gauni. Asubuhi Kidawa aliamka ameshaamua, na akajikasirikia kwamba ilimchukua usiku mzima.

Jumatano, saa nne asubuhi, barabara zilikuwa tupu kwa sababu ya sikukuu. Nkabinde aliwakusanya dukani ili kila mmoja aoneshe alipokuwa: Chloé, Luqman, na Parfait aliyekuja na sare yake ya ulinzi. Kidawa alikuwapo kwa ajili ya wawili wa kwanza. Parfait alionesha vizuri, kwa Kizulu, bila kubabaika: hapa mzee alikaa, hapa nilishusha chupa, kule nyuma ya pazia nikaikwangua nta kwa kisu, nikazibua, nikamimina, nikamletea.

"Ulikuja na kitu chochote?" Nkabinde aliuliza.

"Mikono mitupu."

"Sajenti," Kidawa alisema. "Naomba dakika tano zisizo za kazi yangu."

Nkabinde alishangaa kama aliyesemeshwa na kiti. Lakini alikuwa na kiu, na Kidawa alikuwa ameshanunua soda nne kwenye spaza, kiduka cha kona. Akaitikia kwa kichwa. Kidawa akaingia nyuma ya pazia, akazifungua zote huko huko, akarudi nazo kwenye sinia na kugawa.

Nkabinde alikunywa. Parfait alikunywa nusu kwa mkupuo mmoja. Luqman alikunywa kwa bismillahi. Chloé aliishika yake, akaitazama mdomo, akaiweka sakafuni taratibu.

"Maman Kidawa, usikasirike. Hii umefungulia wapi?"

"Jikoni."

"Basi nisamehe, sitakunywa. Haiko juu yako. Ni vile tulilelewa. Kwetu chupa inafunguliwa mbele ya mwenye kuinywa, na mwenye kufungua anaonja kwanza."

Kidawa alimtafsiria sajenti, kisha akauliza la kwake, la kwanza katika miaka kumi na tisa. "Na kama aliyefungua ni mtoto wa nyumbani?"

"Hata mama mwenye alinizaa anafungulia mbele yangu! Si kumshuku. Ni kumpa mtu amani yake. Sisi tulitoka penye watu walikuwa wanauana kwa glasi. Na Papa Évariste alikuwa mkali kunipita. Nani hajui hii?"

Mmoja baada ya mwingine waliitazama soda ya Parfait, iliyobaki nusu.

"Sajenti," Kidawa alisema, na sauti yake sasa ilikuwa imara, "marehemu asingekunywa glasi iliyotoka nyuma ya pazia, hata iletwe na nani. Na kama chupa ingefunguliwa mbele yake, nta ingedondoka juu ya lile gauni. Halina hata punje. Chupa ilifunguliwa kule, ikatiwa sumu kule, ikawekwa mezani pake alipokwisha kuzidiwa. Mvinyo hakuuonja."

"Lakini amekufa kwa sumu," Nkabinde alisema.

"Tazama picha ya karai. Maji yana mawese. Mtu anayeshona gauni jeupe hanawi mafuta asiyokula. Alikula kwa mkono, akanawa ili arudi kazini. Sahani iko wapi?"

Luqman alisimama bila kuambiwa. "Chakula chake cha mchana analetewa na Parfait. Bugali na sombe, yaani ugali na kisamvu cha mawese, kwenye bakuli la bluu lenye kifuniko. Kila siku ya Mungu tangu Januari." Alimgeukia kijana. "Jana ndiyo ulikuja mikono mitupu?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Parfait ilikuwa imefika ukutani. Aliweka soda chini. Nkabinde alimwuliza kwa upole, upole ambao Kidawa hakuutegemea kwa mtu wa haraka vile, kama polisi wakifungua kabati lake la kazini Turffontein watakuta bakuli. Parfait aliangalia mlango, aliangalia cherehani, akakaa kwenye kigoda cha wateja.

"Limo," alisema. "Nililiosha mara tatu."

Akasema yote kwa Kizulu na Kiingereza, na Kidawa akawa anawatafsiria Chloé na Luqman, kwa sababu hiyo ilikuwa kazi yake. Parfait aliishi nchi hii kwa karatasi ya ukimbizi iliyokuwa ndani ya faili la ami yake, ameandikwa humo kama mtoto. Kwenye foleni ya ofisi za uhamiaji watu walimwambia: mwenye faili akirudi kwao kwa hiari, faili linafungwa, na wote waliomo wanatoka naye. Mwenye faili akifa, waliomo wanabaki. Jumapili ami yake alimwambia kwa furaha kwamba baada ya harusi atarudi Bukavu. Ami hakusema zaidi.

"Mimi nirudi wapi?" Parfait aliuliza. "Bukavu siijui hata kwa picha. Nikilala, naota kwa Kizulu. Yeye ana kwao. Huyo mwanamke ndiye aliyemtia hamu ya kurudi. Nilipoiona chupa yake juu pale nikasema, basi na iwe yake."

"Na alivyokuwa akifungua soda zake mwenyewe, hukuona?" Kidawa aliuliza.

"Niliona. Nilidhani ni ukaidi wa uzee." Akafunika uso. "Alikula chote. Aliniambia sombe leo imeiva."

Chloé alilia kwa sauti. Luqman alitoka nje. Nkabinde akatoa pingu, akamfunga kijana bila kumvuta.

Saa tisa alasiri Murielle alitolewa. Alipewa mkoba wake na mkanda wa kitambaa, akatia sahihi, akatoka ukumbini akiwa amemshika Kidawa mkono. Upande wa pili wa ukumbi, kwenye benchi, Parfait alikuwa akingoja kupelekwa selo. Murielle alikwisha kuelezwa yote. Kidawa alitaka kumpitisha haraka, lakini yule mwanamke alisimama mbele ya kijana. Hakumtukana.

"Parfait," alisema kwa Kiswahili. "Mwezi wa pili tulienda na ami yako ofisini, Pretoria. Tulipanga mstari toka saa kumi ya alfajiri. Aliomba wakufungulie faili lako mwenyewe. Walimwambia majibu yatatoka mwezi wa tano. Ndiyo ile tuligombania. Mi nilitaka twende mwezi wa ine, yeye akasema hatoki hapa mpaka ushike karatasi yako. Nilimwambia akujulishe. Akasema neno la ofisi haliko neno, atakujulisha siku karatasi iko mkononi, usije ukafurahi bure."

Parfait alikuwa amedaka maneno mawili matatu tu. Alimgeukia Kidawa, akasubiri.

Kidawa alimtazama sajenti, akitamani aseme twende, muda umekwisha. Nkabinde hakuwa ameelewa chochote, naye alikuwa akisubiri. Kwa mara ya kwanza tangu aishike kazi hii Kidawa alitamani kupunguza, japo neno moja, japo jina la mwezi.

Hakupunguza. Alimwambia yote kwa Kiingereza, polepole, kuanzia mstari wa alfajiri hadi mwisho. Parfait alisikiliza akiwa ameinama. Kisha akamwomba arudie ile sehemu ya majibu yanatoka lini, na Kidawa akarudia.